Kuuza Kitu Kinachopatikana Bure: Biashara ya Maudhui na Mitandao ya Kugawana Faili

Watu wanaouza maudhui ya kidijitali, wawe wachapishaji wa vitabu vya kielektroniki, waandaaji wa kozi za video, wanamuziki au watengenezaji wa programu za kompyuta, huniuliza mara kwa mara swali lile lile: wafanye nini ili kazi zao zisigawiwe bure katika mitandao ya rika kwa rika, ambamo kompyuta za watumiaji hupeana mafaili moja kwa moja bila kupitia duka lolote? Jibu langu huwakatisha tamaa, kwa sababu naamini hakuna hatua itakayozuia kugawana huko kwa kiwango ambacho biashara inaweza kukiingiza katika mahesabu yake na kukitegemea. Kinachowezekana ni kuipanga biashara kwa namna ambayo mteja aliye na njia ya kukipata kitu hicho hicho bila malipo anaona bado ni afadhali alipe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na fedha nyingi zimepotea kwa watu kulishughulikia la kwanza huku wakidhani wanalishughulikia la pili.

Inafaa kuanza na namna mitandao hii inavyofanya kazi, kwa kuwa maamuzi mengi mabaya yalitokana na kutoielewa. Napster, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Shawn Fanning pamoja na Sean Parker, ilikuwa na seva za kati zilizotunza orodha ya nani ana wimbo gani. Nyimbo zenyewe zilisafiri kutoka kompyuta ya mtumiaji mmoja hadi ya mwingine, lakini bila orodha ile hakuna aliyeweza kumpata mwenzake, na ndiyo maana amri za mahakama za Marekani zilitosha kuinyamazisha mwaka 2001. Waliofuata waliliona pengo hilo wakaliziba. Gnutella, iliyotokea mwaka 2000, haikuwa na orodha ya kati. BitTorrent, ambayo Bram Cohen aliitoa mwaka 2001, ililikata faili vipande vidogo vidogo, na kila anayepakua akawa papo hapo anawagawia wengine vipande alivyokwisha kuvipata. Seva ya kawaida huelemewa wateja wanapozidi, ilhali katika BitTorrent faili linalotakiwa na wengi hushuka kwa kasi kuliko lisilotakiwa, kwa sababu kila mtakaji ni mgawaji pia. Gharama ya kusambaza haimwangukii mtu yeyote peke yake, wala hakuna swichi moja ambayo hakimu anaweza kuamuru izimwe.

Njia ya mahakama, hata hivyo, ilijaribiwa kwa ukamilifu, kwa hiyo hatuhitaji kubahatisha kuhusu matokeo yake. Kuanzia Septemba 2003 hadi mwaka 2008, RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, kiliwashtaki maelfu kwa maelfu ya watu binafsi, wakiwamo wanafunzi na wazazi ambao watoto wao ndio walioitumia kompyuta ya nyumbani. Kisha kikatangaza kuachana na utaratibu huo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Grokster kwamba anayesambaza programu huku akiwahimiza watu waitumie kuvunja hakimiliki anaweza kuwajibishwa kwa uvunjaji huo. Mwaka 2009 mahakama ya Stockholm iliwatia hatiani watu wanne waliohusika na The Pirate Bay, tovuti ya kutafutia mafaili yanayogawanwa kwa BitTorrent. Kila ushindi ulikuwa wa kweli kisheria, na baada ya kila ushindi kugawana kuliendelea kwa programu nyingine au kwa anwani nyingine. Sisemi kwamba sheria haina kazi. Mtu anayeichukua kozi yako na kuiuza kwa jina lake ni mwizi wa kibiashara, ana akaunti ya malipo na ana duka linaloweza kuandikiwa, na barua ya kutaka aondolewe inapaswa itoke siku hiyo hiyo. Umati usiojulikana unaopeana vipande vya faili ni jambo jingine, na kila saa inayotumiwa kuukimbiza inakatwa kutoka katika saa za kuwahudumia wanaolipa.

Kuhusu kufuli za kidijitali, yaani programu zinazozuia faili lisinakiliwe au kufunguliwa na asiyeruhusiwa, nina msimamo mkali zaidi. Kufuli ya aina hii inapaswa kushinda mbele ya kila mtu duniani, kila siku, ilhali anayetaka kuivunja anahitaji kufanikiwa mara moja tu. Akishafanikiwa, nakala iliyofunguliwa huingia mtandaoni na wote waliobaki hawaioni tena kufuli hiyo. Anayeendelea kuiona ni yule aliyelipa. Ndiye anayeambiwa kwamba kifaa chake kipya hakijasajiliwa, kwamba hawezi kusoma akiwa nje ya intaneti, au kwamba amezidisha idadi ya kompyuta anazoruhusiwa. Mfano uliovuka mipaka yote ni wa Sony BMG mwaka 2005: baadhi ya CD zake, zilipochezwa katika kompyuta, ziliingiza kwa siri programu iliyojificha ndani ya mfumo na kuacha mwanya ambao waandishi wa virusi waliutumia. Fikiria hali ilivyokuwa: aliyepakua nyimbo zile kwa njia isiyo halali aliepukana na programu hiyo, na aliyezinunua dukani ndiye aliyeharibiwa kompyuta. Apple ilitangaza Januari 2009 kuondoa kufuli katika nyimbo za duka lake la iTunes, na mchapishaji wa vitabu Tor alifanya vivyo hivyo kwa vitabu vyake vya kielektroniki mwaka 2012. Biashara zote mbili ziliendelea.

Nyuma ya kufuli na mashtaka kuna hesabu ambayo haijakaa sawa, ile inayochukua idadi ya waliopakua, kuizidisha kwa bei ya bidhaa, na kuliita jibu hasara. Wapo katika idadi hiyo watu ambao kwa kweli wangenunua, na hao ni hasara halisi. Sikubaliani na wanaodai kwamba hakuna anayepoteza kitu. Lakini wamo pia waliopakua kwa sababu tu ni bure na hawatalifungua faili hilo maishani, wasio na uwezo wa kulipa bei iliyowekwa, walio katika nchi ambako bidhaa haiuzwi kabisa, na waliokwisha kununua wakachoshwa na kufuli. Kila moja kati ya makundi haya manne ya pili linapaswa kutazamwa peke yake. La kwanza halihitaji jibu lolote. La pili linaulizia bei. La tatu linakuomba uwauzie, jambo ambalo ni la kushangaza kulikataa. La nne limeshalipa na linaondoka kwa hasira.

Ukiyatazama makundi hayo kwa makini utaona kwamba mtandao wa kugawana faili ni mshindani wa kibiashara kama washindani wengine, mwenye nguvu zake na udhaifu wake. Gabe Newell wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve amekuwa akilisema jambo hili tangu takriban mwaka 2011: kwamba uharamia, yaani kujipatia kazi za watu bila idhini yao, mara nyingi ni tatizo la huduma kuliko la bei. Nguvu za mshindani huyu zinajulikana: hatozi chochote, ana karibu kila kitu mahali pamoja, hana mipaka ya nchi, na faili lake hufunguka katika kifaa chochote. Udhaifu wake hausemwi sana. Mtumiaji hajui kama faili ni lile linalotajwa au ni virusi. Ubora hubahatishwa. Kazi ambayo haina wapenzi wengi hukwama katika asilimia 80 ya kupakua kwa kuwa mwenye kipande cha mwisho amezima kompyuta yake. Hakuna wa kuulizwa, hakuna marekebisho yanayokuja yenyewe, na mtu hupoteza jioni nzima akitafuta manukuu ya filamu yanayolingana na sauti. Yote haya ni gharama, ila hulipwa kwa muda na wasiwasi badala ya fedha.

Duka la iTunes lilifunguliwa Aprili 2003, wakati programu za kugawana faili kama Kazaa zikiwa zimejaa nyimbo za bure, likiwauzia Wamarekani wenye kompyuta za Mac peke yao, kwa senti 99 za dola kwa wimbo. Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo zaidi ya milioni 1. Wanunuzi hao walikuwa na bure mbele yao, tena ya wimbo ule ule. Walichokinunua ni uhakika kwamba wimbo ni wenyewe, umekamilika, una jina sahihi na unafika katika sekunde chache. Kabla ya hapo mtu aliyetaka wimbo mmoja kwa njia halali mara nyingi alilazimika kununua CD nzima, na nadhani hilo la kuwalazimisha watu wanunue nyimbo kumi wasizozitaka liliwasukuma wengi kwenye Napster kuliko tamaa ya kupata vitu bure.

Spotify ni somo zuri zaidi, na huwa nalirudia kwa kila anayenisikiliza. Ilianzishwa Sweden mwaka 2006, nchi ile ile iliyokuwa makao ya The Pirate Bay, na Daniel Ek pamoja na Martin Lorentzon, ikafunguliwa kwa umma Oktoba 2008. Mmoja wa wahandisi wake wa mwanzo alikuwa Ludvig Strigeus, aliyeitengeneza µTorrent, mojawapo ya programu za torenti, yaani za kupakua kwa BitTorrent, zilizopendwa mno. Programu ya Spotify ya kompyuta za mezani, hadi mwaka 2014, ilisambaza sehemu ya muziki wake kwa mbinu ya rika kwa rika: wimbo uliousikiliza ungeweza kuwa unatoka katika kompyuta ya msikilizaji mwingine, na wewe ukawa unamgawia wa tatu. Kwa maneno mengine, mbinu iliyotajwa kuwa imeua biashara ya muziki ndiyo iliyotumiwa kuufanya wimbo uanze kulia mara tu unapobofya, na kupunguza mzigo wa seva katika miaka ambayo kampuni ilikuwa changa. Walichofanya ni kuikubali tabia ambayo wasikilizaji walikuwa wameshaizoea, yaani kuwa na muziki wote mkononi bila kufikiria bei ya kila wimbo, kisha wakaifanya iwe rahisi kuliko torenti na wakaiwekea malipo ya mwezi au matangazo. Mgawanyo wa mapato kati ya kampuni na wasanii ni mjadala mwingine, na malalamiko ya wasanii katika mjadala huo nayaona kuwa na uzito. Lakini kuhusu kumrudisha msikilizaji katika njia halali, sijaona lililofanikiwa zaidi.

Biashara ndogo haiwezi kuwa Spotify, na haina haja. Inachoweza kufanya ni kujiuliza ni kitu gani katika kazi yake hakinakiliki, kisha kukiweka hicho mahali pa kuuzia. Mwanamuziki Trent Reznor wa Nine Inch Nails alilifanya hilo kwa uwazi wa ajabu Machi 2008. Mkusanyiko wa muziki wa ala wa Ghosts I–IV ulikuwa na vipande 36. Tisa vya kwanza alivitoa bure, akavipakia mwenyewe katika tovuti za torenti, na vyote 36 akaviuza kwa dola 5 kwa anayetaka kupakua. Juu ya hapo kulikuwa na CD, toleo la dola 75, na toleo la kifahari lenye sahihi yake la dola 300, ambalo nakala zake zilikuwa 2,500 tu. Hizo 2,500 ziliisha haraka, na kwa hesabu ya kawaida ni dola 750,000 kutoka kwa watu ambao wangeweza kuupata muziki wenyewe kwa dola 5, au bila kutoa kitu, kwa kuwa leseni ya Creative Commons aliyoichagua iliruhusu kugawana kusiko kwa biashara. Torenti ilimfanyia kazi ya usambazaji na ya kuonjesha; sanduku lenye sahihi halikuweza kupita katika waya.

Nauleta mfano huo pamoja na tahadhari. Reznor alikuwa na mashabiki waliokusanywa kwa karibu miaka 20, sehemu kubwa ya muda huo akiwa na kampuni kubwa ya muziki nyuma yake. Vivyo hivyo bendi ya Radiohead, walipowaachia watu wajipangie bei ya albamu ya In Rainbows mwezi Oktoba 2007. Jambo lisilosimuliwa mara nyingi kuhusu albamu ile ni kwamba watu wengi waliendelea kuichukua kwa torenti, ingawa katika tovuti ya bendi yenyewe mtu aliruhusiwa kuandika sifuri. Jambo kama hilo lilitokea mwaka 2010 kwa Humble Indie Bundle, furushi la michezo ya kompyuta ambalo mnunuzi angeweza kulipia hata senti 1: waandaaji walikadiria kuwa takriban robo ya waliopakua hawakulipa hata hiyo. Mazoea yana nguvu kuliko bei. Waandaaji wale waliamua wasiweke vizuizi vipya, kwa hoja kwamba vingewasumbua zaidi waliolipa, na furushi lile likakusanya zaidi ya dola milioni 1. Nakubaliana na uamuzi wao, lakini natamani wanaohubiri kwamba bei ikishuka uharamia hukoma wangeusoma mfano huu hadi mwisho.

Kadhalika siwaungi mkono wanaosema kwamba kugawana ni tangazo la bure kwa kila mtu. Ni tangazo kwa yule ambaye ana kitu kingine cha kuuza baada ya kujulikana. Mwanamuziki ana maonyesho. Mwandishi wa mfululizo wa riwaya ana kitabu kinachofuata. Mwandishi wa riwaya Paulo Coelho amesimulia hadharani jinsi mauzo ya vitabu vyake nchini Urusi yalivyopanda baada ya tafsiri moja kuenea mtandaoni, hata akaanza mwenyewe kuwaelekeza wasomaji kwenye nakala za bure. Lakini mtu aliyetunga mwongozo mmoja wa kujiandaa kwa mtihani fulani hana onyesho, hana juzuu la pili, na msomaji wake akishafaulu hamhitaji tena. Kwake nakala iliyogawiwa bure inaweza kuwa hasara tupu. Hapo ndipo ushauri wa jumla unapokwama, na inabidi kila biashara itazamwe kwa asili ya maudhui yake.

Kwa mwenye kozi za video ningesema video zenyewe azihesabu kuwa zimeshatoka, hata kama hazijatoka. Auze masahihisho ya mazoezi, kikao cha maswali cha kila wiki, cheti chenye namba inayoweza kuhakikiwa, na masomo yanayosasishwa pale programu inayofundishwa inapobadilika; nakala ya torenti ya kozi ya mwaka juzi huzeeka yenyewe bila mtu kuishtaki. Mtengenezaji wa programu ana hali nzuri zaidi, kwa sababu marekebisho ya usalama, hifadhi ya data na ushirikiano wa watumiaji wengi ni huduma zinazohitaji seva yake. Mwandishi wa habari na uchambuzi huuza saa ya kwanza, yaani kumfikia msomaji kabla nakala haijaenea. Mtu wa filamu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa filamu hutazamwa mara moja, na nguvu yake kubwa ni kuitoa kila mahali siku moja, ikiwa na manukuu na kwa bei inayolingana na kipato cha kila soko. Kumtangazia mtu filamu leo na kumwambia ataruhusiwa kuitazama katika nchi yake baada ya miezi sita ni kumpeleka kwa mkono kwenye tovuti ya torenti. Ndivyo inavyoelekea kuwa tena sasa kwa huduma za kutiririsha: kadiri kampuni zinavyojitenga na kila moja kuficha filamu zake nyuma ya malipo yake ya mwezi, ndivyo lile duka moja lenye kila kitu linavyobaki kuwa la maharamia peke yao.

Jambo linalosahaulika na wengi ni kwamba mbinu yenyewe inaweza kuajiriwa. Mifumo endeshi ya kompyuta ya Linux imesambazwa kwa torenti kwa miaka mingi, kwa ruhusa na kwa furaha ya wanaoitengeneza. Kampuni ya michezo ya kompyuta ya Blizzard iliutumia ufundi wa BitTorrent kuwafikishia wachezaji wa mchezo wake wa World of Warcraft masasisho yaliyokuwa mazito kwa intaneti ya wakati huo, na Internet Archive, maktaba ya kidijitali, imekuwa ikitoa torenti za makusanyo yake tangu mwaka 2012. Aliye na mafaili makubwa anayotaka yaenee, kwa mfano somo la kwanza la kozi, sura za mwanzo au toleo la majaribio, anaweza kuyatoa kwa torenti rasmi iliyotangazwa katika tovuti yake. Atapunguza gharama ya seva, na mfumo huhakiki kila kipande kwa alama yake ya kihisabati ili mpokeaji ajue kwamba hakikuchezewa njiani. Ndani ya faili hilo aweke anuani ya duka na maelezo ya kile ambacho faili halina. Nimeona pia biashara zikiitafuta kwanza bidhaa yao katika tovuti za torenti na kusoma maoni ya waliopakua, wakagundua kwamba watu wanalalamikia kukosekana kwa toleo linalosomeka vizuri kwenye simu. Ni utafiti wa soko ambao hautozwi hata senti.

Limebaki suala la muda mrefu ambalo wauzaji hulikwepa. Aprili 2019 Microsoft ilifunga sehemu ya vitabu katika duka lake la mtandaoni, na kuanzia Julai mwaka huo vitabu vilivyokwisha kununuliwa vikaacha kufunguka, kwa kuwa seva za kufuli zilizimwa. Kampuni iliwarudishia wateja fedha zao, jambo ambalo biashara ndogo inayofilisika haitaweza kulifanya. Mteja mwenye kumbukumbu ya kisa kama hicho ana sababu nzuri ya kulitunza faili la torenti kuliko kuliamini duka. Kwa hiyo katika masharti ya mauzo ninawashauri wauzaji waandike mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba kila kilichonunuliwa kinaweza kupakuliwa bila kufuli na kuhifadhiwa na mnunuzi, na kwamba duka likifungwa wateja watajulishwa si chini ya miezi sita kabla, ili kila mmoja awe na nafasi ya kuchukua nakala zake.